Bunduki Yangu Ilivyoshinda Zote Makote

Sitaki mtu anihurumie, maana nilishinda. Nilirudi Makote kutoka Masasi na bunduki mpya ya upepo, ile ya mtungi wa hewa, kibali mfukoni, nikawaita majirani wawili tushindanishe. Baba Asha alileta yake ya kukunja mtutu. Mzee Saidi alileta ya kupampu, na kila risasi ilimtoa jasho.

Tuliweka bibo, tunda la mkorosho, juu ya kisiki, mbele ya ua wa nyasi wa jikoni kwangu. Nyuma ya ua, nilijua, kuna kichuguu tu. Ya Baba Asha ililichubua bibo. Risasi ya Mzee Saidi ilizama ikabaki humo humo. Yangu ilitoboa mabibo matatu, moja baada ya jingine palepale kisikini, na kila mara nyuma ya ua kukasikika "ndu!"

"Mnasikia?" nikajigamba. "Inafika mpaka kichuguuni."

Maji yakaanza kutambaa chini ya ua. Nikawaeleza, bila haya, kwamba bunduki imekamua mabibo.

Mzee Saidi akachovya kidole, akaonja. "Mbona hayana ukakasi?"

Mke wangu akatokea na ndoo. Kumbe nilipokuwa Masasi alikisawazisha kichuguu, akaweka tangi letu la plastiki hapo, likajaa maji ya mvua ya kwanza. Na huku kwetu, wilaya ya Newala, maji ni haba, hayamwagwi.

"Baba Zuhura," akaniita, "njoo uzibe."

Nikaziba. Matundu yote matatu, kwa kidole gumba kimoja.

"Kweli unalenga," Baba Asha akakiri.

Nikiwa nimeloa mpaka viatu, nikapokea pongezi kwa mkono uliobaki.