Nchagwa, Shahidi wa Dawa ya Sukari

Robi alimdharau mumewe tangu zamani, na mumewe alipougua, dharau haikupungua. Nchagwa alikuwa mtu wa maneno. Pale kijijini Gorong'a, ng'ombe akizaa, yeye ndiye aliyetabiri. Mvua ikinyesha, alikuwa ameshasema tangu jana. Jembe lilimchosha upesi, lakini mdomo haukuwahi kumchosha. Basi zahanati ilipomwambia ana sukari na kumpa vidonge, Robi alishangazwa na jambo moja tu: mumewe alikaa kimya muda mrefu.

Kimya hicho kiliisha alipokutana na Emanuel.

Emanuel alikuwa mgeni kutoka mkoa wa mbali. Alikuja kuchimba dhahabu, akakuta mwamba ni mgumu kuliko alivyodhani na watu ni laini kuliko alivyotumaini. Akatafuta spika na koti jeupe, akajiita daktari, akawa anauza minadani unga wa kijani kwenye makopo, akidai unaponya sukari. Siku Robi alipomwona mara ya kwanza, aliangalia lile koti akaona pindoni doa la damu kuukuu lisilotoka. Lilikuwa koti la muuza nyama. Wenzake waliokuwa wakisukumana kununua hawakuliona, au hawakutaka kuliona.

Nchagwa akaanza kunywa unga. Baada ya miezi kadhaa sukari yake, iliyokuwa juu miaka yote, ikashuka kweli. Emanuel hakungoja. Akamsimamisha juu ya kreti, akampa spika, na Nchagwa akapata alichokitafuta maisha yake yote: watu wengi, wote kimya, wote wakimtazama yeye. Akawaambia kwamba alikuwa anakufa, kwamba vidonge vya hospitali alivitupa chooni, na kwamba mwenye akili afanye vilevile.

Robi alijua kwamba hakuvitupa. Alivikuta ndani ya soksi, soksi ndani ya buti la mpira. Kila asubuhi Nchagwa alikwenda nyuma ya zizi akinyata kama mwizi kwenye boma lake mwenyewe, akameza, akafuta mdomo, kisha akaenda mnadani kuwaambia wenzake watupe vyao. Mwongo wa kawaida Robi alimzoea. Lakini anayewahimiza wenzake wavuke mto kwa miguu huku yeye akipita darajani, huyo hata hakujua amwite nani.

Aliona na mengine. Mkojo wa mumewe ulikuwa na povu lisilokatika, kama maji ya kufulia. Asubuhi macho yalivimba, na jioni soksi ziliacha mitaro miguuni. Chakula kilikuwa kikimshinda. Alipomwambia waende hospitali, Nchagwa alimcheka. Alisema povu ni sumu inayotoka, Daktari Emanuel alikwisha kumweleza.

Siku ya mnada uliofuata Robi alikuwa anauza ndizi, akasikia sauti ya mumewe kwenye spika ikianza kwenda kombo. Maneno yalipishana. Akamwita Emanuel mama. Jasho likamtiririka, akaporomoka kutoka kwenye kreti. Emanuel akaokota spika, akawatangazia watu wasiogope, ni dawa inapambana na ugonjwa.

Robi akapasua kundi. Alikumbuka nesi wa zahanati alivyowafundisha dalili za sukari kushuka. Akampokonya kijana mmoja soda yake, akamkalisha mumewe, akaona bado anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo mpaka macho yakatulia. Mtu aliyeponywa sukari akaokolewa kwa sukari, mbele ya mnada mzima. Watu walicheka sana. Walipogeuka kumtafuta Emanuel, alikuwa ameshafunga makopo yake kwenye pikipiki.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana aitwaye Ngeleja. Baada ya vipimo, Robi alitoa soksi yenye vidonge na kopo la unga, akaviweka mezani.

"Alikuwa anakunywa vyote viwili," akasema.

Nchagwa akatazama ukuta.

"Mama, figo ni chujio," daktari akasema. "Sukari ikikaa juu miaka mingi, na presha ikiisaidia, chujio linaharibika. Protini inapita kwenye mkojo, ndiyo hilo povu. Likizidi kuharibika, hata dawa hazitoki mwilini inavyotakiwa. Hivi vidonge vilibaki ndani, vikaendelea kushusha sukari."

"Kwa hiyo siyo unga?"

"Siyo unga. Sukari ilishuka kwa sababu figo zimechoka."

Nchagwa akauliza kama labda unga ulisaidia kidogo.

"Baba Elia," Robi akamwambia mumewe, "nyamaza."

Daktari hakuwaficha. Kilichokufa hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Alimbadilishia dawa ya sukari, akampa ya presha ambayo pia hulinda figo, akampunguzia chumvi, akamkataza miti shamba na vidonge vya maumivu vya dukani. Ipo siku huenda akahitaji mashine ya kusafisha damu, mjini, mara kwa mara, maisha yake yote. Kazi yao ilikuwa kuichelewesha siku hiyo.

Robi akaifanya kazi, huku mwenye figo akilalamika kwamba mboga zimepooza. Lakini Robi alikerwa zaidi na jambo lingine: watu waliotupa vidonge vyao kwa maneno ya mumewe. Akamwambia aende kwa wale aliowadanganya. Nchagwa akasema ataona aibu.

"Ulipokuwa juu ya kreti hukuona aibu," Robi akasema. "Anza na Heche."

Heche, binamu wa Nchagwa, alikuwa ametupa vidonge vyake chooni kweli. Nchagwa alikwenda kichwa chini, akamweleza yote, hata habari ya soksi. Heche akamtukana vya kutosha, kisha akaenda kupima. Protini ilikuwa imeanza kuonekana kwenye mkojo, lakini damu ilionyesha figo bado zinafanya kazi vizuri. Akaanzishiwa dawa mapema.

Aibu ya Nchagwa haikudumu. Heche alipomshukuru mbele za watu, mdomo ukafunguka tena. Sasa alikuwa bingwa wa figo. Emanuel, ilisemekana, alihamia upande wa Mbalibali, akapata shahidi mwingine.

Jumapili moja baada ya ibada, Robi alimkuta mumewe amezungukwa na wanaume, akiwafundisha habari za povu.

"Mimi nililiona mwenyewe," Nchagwa alikuwa akisema, "nikajipeleka hospitali mwenyewe."

Robi alikuwa na jibu, tena la kumkausha mate. Lakini akamsikia mzee mmoja akimnong'oneza jirani yake kwamba na yeye anaona povu, na kesho ataomba apimwe. Akalimeza jibu lake. Akamwambia mumewe kwamba saa ya kidonge cha presha imefika, akatangulia njia ya nyumbani bila kumngoja.