Kijitabu cha Fundi wa Mageti

Fundi aliyechomelea nusu ya mageti ya mtaa ule hakujua kusoma, na mkewe hakuwa na habari. Miaka ishirini na sita ya ndoa, kila Jumapili alifungua gazeti, akaguna, akasema dunia imeharibika, na mama watoto akaitikia.

Alipopatikana na kisukari, nesi alimpa kijitabu. "Mzee, kila kitu kimo humu: chakula, dawa, miguu. Umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema, akakitia mfukoni.

Vidonge alimeza, na sukari kwenye chai akaacha. Mengine aliyabahatisha kwa picha. Ile ya mtu aliyeinama akitazama unyayo wake, alidhani anatafuta kiatu.

Siku moja cheche ya moto iliingia ndani ya buti lake. Miguu ilikwisha kufa ganzi, hata hakushtuka. Mkewe ndiye aliyesikia harufu, wiki ya pili, na kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani. Madaktari wakaukata mguu chini ya goti.

Wodini mkewe alikifungua kile kijitabu. "Hapa wameandika kagua miguu kila jioni. Baba, hukusoma?"

Fundi alifumba macho. "Sijui kusoma, mama watoto. Sijawahi kujua."

"Si ungeniambia, nikusomee? Dakika kumi tu!"

"Ningeanzia wapi?"

Mkewe alikifunga kijitabu. Aliketi kitandani, pale shuka lilipolala bapa, akalia bila sauti. Fundi akageuzia uso ukutani.