Simu Yangu na Nyasi za Ngolo

Mjukuu wangu alirudi kutoka chuoni akasema anatengeneza kivinjari. Nikamuuliza, "Kinavunja nini?"

"Hakivunji, Bibi. Ndicho kinachofungua kurasa za mtandao kwenye simu. Vilivyopo ni vizito, simu yako inakwama."

Kikundi chetu cha kahawa kilikubali kumsikiliza Jumamosi. Ukurasa wa kikundi ukifunguka kwenye simu za wazee, atabaki hapa atutumikie. Usipofunguka, arudi mjini kutafuta kazi. Mimi nilitaka abaki, ila sikumwambia.

Akaondoa picha, akaondoa matangazo ya biashara, akaondoa mapambo yote. Ukafunguka. Lakini kila nikiufungua ulianza kuvutwa upya, na huku mteremkoni mtandao ni wa kuviziwa.

"Mbona unatupa cha jana halafu unakifuata tena?" nikamwambia. "Tunapolima mashimo ya ngolo, tunachoma nyasi? Tunazikata, tunazilaza, tunazifukia, shamba linakula humo humo."

Alicheka, akaifanya simu itunze ukurasa badala ya kuutupa. Kesho yake nilikuwa bondeni, mtandao hakuna, na ukurasa ukafunguka. Nikajiona mtaalamu. Ulisema mtambo wa kumenya kahawa unapokea buni siku hiyo. Nikachuma mbivu ndoo nzima, nikajitwika, nikapanda kilima. Nikakuta kufuli. Tangazo lilishabadilishwa asubuhi, ni hadi kesho, na buni mbivu hazingoji.

Nilimkuta mjukuu uani. Nikatua ndoo mbele yake.

"Bibi, simu imekuonyesha ya jana. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka itunze. Sikusema idanganye! Hata nyasi ya ngolo ukiichimbua, rangi yake inakwambia ni ya mwaka jana."

Tukamenya zile buni kwa mashine yetu ya mkono, yeye akizungusha, mimi nikimwaga. Tulipomaliza akaichukua simu yangu.

Jumamosi mzee mmoja wa kikundi aliishika, akaigeuzageuza.

"Shikamoo, mzee," mjukuu akasema.

"Marahaba. Haina hata picha?"

"Haina."

"Na inadanganya? Nasikia kuna mtu alipanda kilima na ndoo."

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama. "Aliyepanda ni mimi. Soma hapo juu."

Akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole: "Habari hii ni ya jana, saa kumi jioni. Mtandao ukipatikana, uliza tena."

Akatoa simu yake mfukoni, imefungwa kwa mpira, akampa mjukuu wangu.

"Anza na hii," akasema.