Nilivyogoma kufanya useremala pekupeku hapa Kasongo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani, huwa napita tu. Ila juzi mkuu mmoja aliuliza avae viatu gani kwenye karakana yake ya nyumbani, watu wakamjibu kwa utani. Mmoja akaandika kwamba seremala wa kweli anafanya kazi pekupeku.

Hapo damu ilinichemka. Nikasema leo naandika.

Ninayoyaeleza yamenipata mwenyewe. Mtu pekee anayeweza kunipinga ni baba yangu, na baba hatanipinga.

Mimi ni mwanamke, niko Kasongo, Maniema, upande wa Congo. Kiswahili chetu kina Kifaransa ndani yake na mengine ya kwetu, mtanivumilia. Niiteni Mama Riziki.

Babu alikuwa seremala, baba ni seremala, na mimi randa niliijua kabla ya mwiko. Karakana ni banda la mabati nyuma ya nyumba.

Sasa sikieni desturi ya hapo. Kwenye banda la baba unavua viatu mlangoni, kama unaingia sebuleni kwa mtu. Kwanza, mkeka wake wa kuswalia ulikuwa kwenye kona humo ndani. Pili, hatujawahi kuwa na jiliwa, kile chuma cha kubania mbao. Unakaa chini, unabana ubao kwa vidole vya miguu, halafu tezo, lile shoka dogo la kuchongea, inashuka hapo hapo karibu na vidole. Baba alikuwa anasema, "Muguu ndiyo jiliwa yetu."

Ndiyo maana hapa kwetu, watu wakivua viatu msikitini, maseremala unawatambua kwa vidole. Huyu hana kucha, yule kidole gumba kimepasuka kikafunga vibaya. Na wanajivunia, wakuu. Nimewaona wazee wakionyeshana makovu huku wanasubiri adhana, kila mmoja na hadithi ya tezo yake.

Yaya Idi hakupata kovu la kujivunia.

Yaya ni kaka mkubwa, ndivyo tunavyosema huku. Idi ndiye aliyekuwa arithi banda. Tezo iliteleza ikampiga mguuni, juu ya vidole. Kidonda hakikuwa kikubwa. Akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi kwenye vumbi lile lile la mbao. Kikaoza. Tulichelewa kumpeleka hospitali, na daktari akakata mguu chini ya goti.

Akahamia Kabambare kwa wajomba zetu. Analima karanga, ana kiduka cha sabuni na chumvi. Kwenye banda hakurudi tena. Nyumbani jambo hilo halitajwi, baba anasema tu "ile ajali" kisha anauliza habari za mvua.

Randa ikabaki kwangu.

Sasa siku moja nilikuwa natoboa ubao nimesimama mbele ya meza yangu ndogo ya kutobolea, patasi ikaniponyoka. Ikasimama kwenye udongo, katikati ya kidole gumba na kidole cha pili. Haikunigusa hata kidogo. Nikawa naitazama inavyotikisika, na niliyemwona pale ni Idi.

Nikaenda ndani, nikavaa viatu, nikarudi. Baba akanizuia mlangoni.

"Viatu haviingii humu, mama."

Nikamwambia basi na mimi siingii. Nikaburuta meza yangu mpaka uani, nikafunga turubai juu yake, nikamwachia banda lake. Nilikuwa na hasira kweli kweli, na sioni kwa nini niifiche.

Haya, mkuu uliyeuliza viatu, chukua hii.

Nilianza na babushi, ndizo mnazoita kandambili. Ni upuuzi. Msumari unapita chini, maranda yanaingia juu, na ukisukuma randa kwa nguvu mguu unabaki nyuma ya kiatu.

Nikahamia kwenye mabuti ya mpira, yale ya wachimba dhahabu wa Salamabila. Mtaa mzima ukanicheka, kila nikipita naulizwa nimeokota gramu ngapi. Wangecheka tu, mimi nilikuwa tayari kuyavaa mpaka uzeeni. Tatizo ni kwamba mpira unachemsha mguu, ikifika saa sita unamwaga jasho kutoka ndani ya buti. Soli yake kwenye maranda makavu inateleza kama umekanyaga mafuta. Na patasi yenye makali haijui mpira ni nini.

Nikajaribu raba za michezo. Nyepesi, mguu unapumua, nilizipenda. Lakini juu ni kitambaa. Nikikitazama kile kitambaa nilikuwa napiga tezo kwa woga, na ukipiga kwa woga ndipo unapokosea.

Nadhani mtu alimpelekea Idi habari kwamba nafanya kazi uani kwa ajili ya viatu. Dereva wa pikipiki akaja kutoka Kabambare, matope mpaka kwenye kofia, akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na buti za ngozi zenye chuma mbele. Idi alizifuata mpaka Salamabila, kwa mfanyabiashara wa viatu vya kazi. Aliweka na soksi nene za pamba.

Kwenye simu akaniambia hivi: "Vaa na soksi, simama, tembea. Kama kidole kinagusa chuma, nirudishie nikubadilishie. Kiatu kikikuumiza utakivua, na tezo itakupata siku hiyo."

Wakuu, mtu wa mguu mmoja alikaa akanichagulia viatu viwili. Nililia, niseme ukweli.

Zilinitosha na nafasi kidogo mbele. Zilikuwa za mtumba na soli imelika, nikampelekea mshona viatu wa sokoni, akanishonea soli ya tairi la pikipiki yenye meno. Navaa suruali chini ya kitenge, na suruali inafunika shingo ya buti ili maranda yasiingie. Kamba nazificha ndani. Pale ninaposimama nimetandika magunia yaliyojaa maranda, maana udongo mgumu unaua kisigino hata ukiwa na kiatu kizuri. Wiki ya kwanza zilikuwa nzito, baadaye nikazisahau.

Tuendelee.

Msikiti wa mtaa wetu ulitaka mimbari mpya, wakampa baba kazi. Mikono ya baba imeanza kutetemeka, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, na kila mtu alilijua hilo. Baba aliniambia wazi kwamba kazi hii ikitutoka, atafunga banda na kuuza vyombo. Hakuna aliyekuwa anatuletea kazi kubwa tena.

Mbao za muvula zilifika, ninyi mnaita mvule. Nikaanza kukata uani, chini ya turubai.

Mzee Hamisi wa kamati akaja kuangalia. Akanikuta nimeweka buti juu ya ubao, naukandamiza, msumeno unatembea.

"Mama Riziki, unakanyaga mimbari na viatu?"

Nikamjibu, "Mzee, kwangu bado ni ubao. Ikifika kwenu itakuwa mimbari, na mimi nitavua viatu mlangoni kama watu wote."

Hakupenda. Akasema basi mbao zitapelekwa kwa fundi mwingine mwenye adabu. Angalieni watu walivyo: mwanamke kushika randa walikubali, kiatu ndicho kilichowashinda.

Akamgeukia baba. "Mwambie mutoto wako."

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Vua, mama. Tangu babu yako, hakuna mutu amefanya kazi hapa na viatu."

Nikasema, "Na Idi hakuwa navyo, baba."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa mahali pale tangu mguu ulipokatwa. Nilijua linamkata wapi. Akikubali viatu vyangu, atakuwa amekubali kwamba kwa viatu mguu wa mwanawe ungepona. Ugomvi wetu wote ulikuwa huo, na sisi wawili tulikuwa tunajua. Sikuliondoa neno langu, na buti sikuvua.

Baba akaingia bandani. Mzee Hamisi akabaki anafuta miwani yake.

Baba alipotoka, alikuwa na mkeka wake wa kuswalia kwapani. Akaupeleka barazani, akautandika, akaunyoosha pembe. Halafu akamwambia mzee mwenzake, "Kazi inaendelea. Wewe kama unataka fundi mwingine, mutafute."

Kwangu akasema, "Ingiza meza. Mvua inakuja."

Samahani hakusema, na mimi sikuidai. Nikaingiza meza, nikaingia na buti zangu. Mzee Hamisi akaondoka bila kuchukua ubao hata mmoja.

Tulipokuwa tunasimamisha ngazi za mimbari, ubao wa pembeni ulitutoka mikononi, ukatua na kona yake juu ya mguu wangu. Chuma kikaupokea. Ngozi ya buti ikachanika, chuma chenyewe kikaonekana, mimi vidole vyangu nikavichezesha ndani, vyote vipo. Baba akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye ule mchaniko, akarudia, akarudia tena, kisha akalia. Nilijua hanililii mimi. Nikamshika bega tukakaa hivyo.

Jioni hiyo alimpigia Idi simu, akiwa amekaa mkekani kwake barazani. Sikusikiliza. Ila Ijumaa ya kwanza ya mimbari, Idi alikuja kutoka Kabambare kwa pikipiki na magongo yake, na baba mwenyewe ndiye aliyemvua kiatu mlangoni.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Bibi mmoja niliyekaa naye alikuwa ananitazama miguu muda wote. Mwishowe akaninong'oneza, "Wanasema weye ndiye fundi. Sasa kovu iko wapi?"

Nikamwambia, "Iko kwa kiatu, bibi. Nimeiacha pale mlangoni."

Nilichojifunza wakuu ni kwamba mbao hazijui heshima ya mtu, na ufundi hauingii kupitia kidole kilichopasuka. Tafuta buti ya ngozi yenye chuma mbele na soli yenye meno, ijaribu ukiwa na soksi, na uwe huru kuivaa kutwa nzima. Atakayekucheka, mwache acheke. Na kama mzee wako anakukataza, mwulize taratibu anamkumbuka nani anapokukataza.

Karibuni kwenye comments. Hata yule mkuu wa pekupeku namkaribisha anipinge, ila kabla hajaandika lolote atutajie kwanza amebaki na vidole vingapi.