Miwani Yangu na Giza la Sebule

Aibu hii bado hainipi raha, na hata sasa najiuliza kama naieleza kwa haki, maana fundi wa miwani hana kosa. Aliniambia wazi vioo hivi vinakuwa vyeusi juani, na ukiingia ndani vinachukua muda kusafika. Mimi nilijua, nikapuuza.

Mimi na mjomba tulikuwa tunaenda mtaa wa Kiwanjani kumposea mdogo wangu Galgalo, mimi nikiwa mshenga. Mjomba akataka tungoje jua lipoe lakini mimi sikutulia, nikasema twende tu, basi tukatembea kutoka Chechelesi mchana ule mabati yanamulika mpaka macho yanauma, tukafika, nikatoa salaam aleikum, nikavua viatu, nikaingia wa kwanza kama mtu anayeona.

Sikuona kitu. (Macho yenyewe pia hukawia kuzoea ndani, kwa hivyo giza langu lilikuwa mara mbili.) Ningesema tu "ngojeni kidogo, sioni" yangeisha, lakini nilifikiria mshenga haanzi hivyo, nikapapasa godoro la ukutani huku nikimsikia mjomba akiingia nyuma yangu, nikakaa karibu na kivuli chenye kofia na ndevu, nikidhani ni yeye, na kwa wasiwasi nikamnong'onezea, "Mjomba, huyu baba ya msichana nasikia ni mgumu kama ngozi kavu. Tulie umaskini kwanza, atalegea."

Kivuli kikanigeukia. Halafu kikauliza, "Mtalia sana?"

Mjomba akakohoa, kutoka upande ule mwingine wa chumba.

Vioo vikaanza kusafika polepole, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilimwona Mzee Halake, mwenye nyumba, akija kidogo kidogo: kofia, ndevu, mwisho macho. Nyuma ya pazia mwanamke akasema, "Mwambieni atoe hiyo miwani, hapa ndani hakuna jua," na wenzake wakacheka.

Nikaivua, nikaomba msamaha, nikaeleza habari ya vioo. Mzee akaipeleka mlangoni, ikawa nyeusi, akairudisha ndani, akangoja mpaka ikasafika.

"Ni kweli," akasema. "Vioo havina kosa. Lakini ulimi haukuvaa miwani, kijana." Akamgeukia mjomba. "Msichana sijawanyima. Mrudi siku nyingine, na useme wewe."

Galgalo alikuwa anatungoja barabarani, hawezi hata kusimama pahali pamoja. Nikamwambia, "Wewe hujakataliwa. Aliyekataliwa ni mimi."

Mjomba aliporudi na wenzake walikubaliwa, mimi nikiwa nje. Siku hizi nikifika kwa watu nasimama mlangoni mpaka nijue nani ni nani, na hata nikiona vizuri kabisa, sinong'oni.