Vyuma vya Balkoni Vinafika Wapi

Binti yetu alipotuma picha za meli kwenye simu, mimi nilichagua kabla hajamaliza kueleza. Kebini zilikuwa za aina tatu: ya ndani kabisa isiyo na dirisha, ya dirisha lisilofunguka, na ile ya balkoni, yenye viti viwili na mlango wa kioo wa kutokea nje. Ati ya ndani! Nivuke bahari nikiwa nimefungiwa ndani ya sanduku? Kwa sanduku nitalala nikifa, na hata siku hiyo hakuna atakayeniuliza nataka lipi.

Mzee wangu alikuwa anakula githeri. Hakuinua kichwa. "Yoyote," alisema, "lakini si ya balkoni."

Binti yetu anauguza wazee huko ng'ambo, na safari ilikuwa zawadi yake kwetu kwa miaka arobaini ya ndoa. Lakini tarehe aliichagua kwa ujanja: kura zikipigwa hapa Eldoret, sisi tungekuwa majini. Hakusema hivyo. Alisema meli huwa nzuri mwezi huo. Wueh, mtoto nimemzaa mimi, anidanganye? Mtaani watu walikuwa wameshaanza kuhamisha magodoro pole pole, na jirani aliyezoea kunisalimia kila asubuhi alikuwa sasa anatazama viatu vyake. Ilibidi tumjibu binti kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi ingeenda.

Shida ni kwamba sisi tuna balkoni yetu. Tunaishi ghorofa ya pili, juu ya barabara ya kwenda mji wa Ziwa, nyumba ile ile tuliyokuwamo mwaka wa vita. Mlango wa kutokea balkoni umezibwa na kabati tangu wakati huo. Nguo naanika juu kabisa, kwenye paa, na magoti haya yangu. Wageni wakiuliza nasema kuna upepo mwingi upande ule.

Ilikuwa hivi. Fujo za baada ya kura zilipoingia mjini, mama wa nyumba ya chini, mwenyeji wa huku huku, wa Ainabkoi, aliyekuwa akituuzia maziwa, alipanda ngazi na tawi la majani mabichi. "Lifungeni nje, kwa vyuma vya balkoni," alisema. "Wakiona majani watajua hapa ni kwetu." Sisi hatukuwa wa kwao, wazazi wetu walitoka mkoa wa kati kuja kulima. Lakini majani hayaulizwi kabila, na vijana walipita siku mbili wakitazama juu na kuendelea na safari yao. Mungu ambariki yule mama, kwa sababu hata yeye angechomewa nyumba.

Siku ya tatu tawi lilikauka. Mama akatuletea lingine. Mimi ndiye niliyesema, "Baba, toka ulibadilishe." Niliogopa kutoka mwenyewe. Nalisema wazi, kwa sababu miaka hii yote nimemwachia mzigo aubebe peke yake.

Mzee wangu alikuwa mwalimu. Shuleni kwao hakuna aliyeitwa kwa jina. Ni Mwalimu huku, Mwalimu kule, hata wakigombania chaki. Alikuwa amechutama nje akifunga kamba niliposikia sauti kutoka barabarani: "Mwalimu! Mwalimu, nifungulie!" Nikachungulia kwa pazia. Alikuwa mwenzake wa shule, mtu wa kwetu, aliyekula mezani kwangu kila Jumapili. Vijana kama kumi walikuwa wamemzunguka, na shati lake lilikuwa limekatika vifungo vyote.

Kijana mmoja aliinua uso akauliza, kwa heshima kabisa: "Mzee, unamjua huyu?"

Mzee wangu alimaliza fundo lake kwanza. Halafu akasema, "Simjui."

Alisema kwa sauti ya darasani, inayofika hadi viti vya nyuma. Yule mwenzake hakuita tena. Wakaenda naye upande wa Ziwa, na mpaka leo mke wake hajapewa hata kiatu cha kuzika.

Nimemwambia mzee wangu mara nyingi: Eldoret ina walimu wangapi? Labda alikuwa anamwita mwingine. Upuzi mtupu, najua. Sikuwa na maneno mengine. Aliacha kazi mapema, na akiitwa Mwalimu sokoni hageuki.

Basi Jumatano nilimjia juu. "Wewe, baba, hiyo ni bahari, si barabara ya Ziwa! Nani atapita huko chini akuite?" Neno lilinitoka kabla sijalimeza. Siku zote nilikuwa nikilizungukia, sijawahi kulitaja hivyo, peupe. Aliweka kikombe chini, akavaa miwani, akachukua simu na kuikuza ile picha kwa vidole viwili.

"Kweli," alisema. "Chini ni maji tu."

"Si ndiyo nakuambia!"

"Chukua hiyo basi." Akaendelea kuitazama. "Hivi vyuma vinafika wapi? Kifuani ama kiunoni?"

Mimi nilikuwa nacheka, nimeshinda. "Hata vikifika kiunoni, nani ataanguka? Sisi si watoto."

"Sijauliza kuhusu kuanguka," alisema kwa upole.

Alhamisi alitoa vitabu vyake vyote vya shule chini ya kitanda, vile ambavyo hata mimi nilikatazwa kupanguza vumbi, akampelekea mjane wa mwenzake. Alirudi akipiga mluzi. Mtu ambaye sijamsikia akipiga mluzi tangu mwaka ule! Sikuogopa bahari. Nilimwogopa mume wangu.

Ijumaa niliingia jikoni, nikafungulia maji ya mfereji yafunike sauti, nikampigia binti. "Ya ndani," nikamwambia. "Isiyo na dirisha."

"Mama! Si ni wewe ulisema hiyo ni sanduku?"

"Ya ndani, nimesema!"

Nilipotoka nilimwambia mzee wangu kwamba za balkoni zimeisha.

"Zote?"

"Zote."

Alinitazama sana, vile nilivyomtazama mimi siku ile aliporudi ndani na vipande vya majani makavu mikononi. Alijua, kama nilivyojua. "Sawa," akasema, na mluzi haukusikika tena.

Safari ni mwezi ujao. Kabati la mlango wa balkoni nimelijaza sahani zote za nyumba, sufuria kubwa za sherehe, na jiwe la kusagia la marehemu mama yangu, ili mtu mmoja asiweze kulisukuma.