Mikia ya Tarehe Niliyoikata

Nilikata mikia ya tarehe. Huo ndio upumbavu wenyewe, nausema mapema nisije nikapata nafasi ya kuupamba.

Babu mzaa mama alipokufa hapa Kasongo, mvua ilikuwa imeharibu barabara. Dada yake, nyanya wa kule Wamaza, hakufika kuzika. Hitima ya arobaini, Ijumaa baada ya sala, ndiyo ilibaki nafasi yake ya kumuaga ndugu waliyenyonya naye ziwa moja. Mama alinipa kazi ya kupanga pikipiki za kuleta wageni. "Wewe si unajisifia kompyuta? Haya, fanya."

Profesa wetu wa informatiki alikuwa ametufundisha kutengeneza ukurasa wa mtandao, akatupa na kiolezo cha kujazia. Nikatengeneza kurasa mbili. Wa wageni: unagusa, orodha ya siku inafunguka, unachagua siku ya kubebwa. Wa motari, yule dereva wa pikipiki: anaona nani anamngoja wapi, siku gani. Wa motari niliuacha vile profesa alivyoutoa. Wa wageni niliutia mkono wangu.

Orodha ilipofunguka mara ya kwanza, ilitoa tarehe mbichi, jinsi mashini inavyozitunza: mwaka, mwezi, tarehe, kisha herufi T, kisha saa 22 na sufuri nyingi kama mayai ya chura. Palipopaswa kuwa Ijumaa, tarehe kumi na tatu, paliandikwa kumi na mbili, saa 22. Nikacheka. Kwetu Waislamu siku inaanza jua likizama. Alhamisi usiku ni Ijumaa tayari.

"Unaona?" nikamwambia jirani yangu wa dawati. "Mashini imesilimu!"

"Muulize profesa."

"Nimuulize nini? Inajua dini kuliko wewe."

Profesa alikuwa ametuonyesha neno moja la kuweka ndani ya kiolezo, linalogeuza tarehe mbichi kuwa siku ya hapa kwetu. Niliona uvivu. Niliamuru orodha ionyeshe herufi kumi za mwanzo, basi. T na mkia wake vikaanguka, na ule usiku niliouchekea ukaanguka navyo. Ikabaki kumi na mbili tupu, yaani Alhamisi. Kila siku katika orodha ilikuwa imerudi nyuma siku moja, na mimi niliona imependeza.

Kule Wamaza mwenye duka alimfungulia nyanya ukurasa kwenye simu yake. Nyanya alitaka Alhamisi, afike jioni, alale kwetu. Mwenye duka akagusa kumi na mbili. Kwa motari, ambako lile neno la profesa lilikuwapo tayari, ikatokea kumi na tatu.

Alhamisi jioni mama alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Simu ya Wamaza haikushika. Nikamtania, "Mama, labda nyanya angali anajipaka wanja." Akapiga simu tena.

Ijumaa hitima ilisomwa na wageni wa karibu, waliokuja kwa miguu. Motari alipoingia uani, mikeka ilikuwa imekunjwa na wanawake wanasugua masufuria. Nyanya alishuka na vumbi mpaka kwenye kope, kuku wake kapuni.

"Wamekwisha kusoma?"

Akaitazama mikeka, akaelewa. Akasema Alhamisi yote alikaa kando ya barabara juu ya furushi lake. Hata maji kwa jirani hakwenda kunywa, asije akapitwa. Kila pikipiki ikilia, anasimama.

Nililinganisha kurasa zangu mbili, nikaliona kosa. Mashini inatunza saa ya dunia, na hiyo iko nyuma ya yetu kwa saa mbili. Siku yetu ikianza usiku wa manane, kwake bado ni saa 22 ya jana. Nikasema yote mbele yao, hata lile la kusilimu. Nyanya alinishika kichwa tu, akasema, "Huyu mutoto iko na paji la marehemu." Ni afadhali angenichapa.

Mama alimaliza kumnawisha nyanya miguu. Kisha akanigeukia, sauti iko chini kabisa:

"Kesho asubuhi utamurudisha nyanya yako Wamaza. Halafu utakaa pale kando ya barabara, pale pale alipokaa, mpaka jua lizame. Ukirudi utaniambia siku moja iko na urefu gani."